Kaza, Kisha Rudisha Robo

Jina lake halisi walilijua watu watatu tu: mkewe, binti yake, na karani aliyeandika kitambulisho chake, ambaye huenda naye alishalisahau. Wengine wote walimwita Robo. Hata mganga wa meno alimwandika hivyohivyo kwenye daftari lake, Mzee Robo, jino la nyuma kushoto.

Jina lilitokana na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga vioo vya plastiki kwenye zege, na wewe usicheke, maana watu wanahitaji. Mtu ana ukuta wa jiko unaorukiwa na mafuta kila siku. Mwingine ana kibaraza kinachoingiza mvua hadi kwenye viti. Mwingine amejenga ngazi, hela zikamwishia kabla ya kuweka kizuizi, sasa kila mgeni anapanda ameshika ukuta kama mlevi. Watu hao hawataki kuziba mwanga, na kioo cha kawaida wanakiogopa kwa sababu kikivunjika kinakata. Basi wanamwita Robo. Anakuja na mashine ya kutobolea, pimamaji, mkebe wa washa za mpira, zile pete za kuwekwa chini ya kichwa cha bolti, na pampu ya baiskeli.

"Baiskeli iko wapi?" wateja humuuliza.

"Hii ya kupuliza vumbi," huwajibu. "Tundu likibaki na vumbi, bolti inashika vumbi, haishiki ukuta. Ni kama kuoa kwa kuonyeshwa picha."

Halafu ndiyo yanakuja maneno yenyewe. Plastiki ile ikipigwa na joto hutanuka, ikipoa hujikunja. Kwa hiyo unakitoboa kioo tundu pana kuliko bolti, unaweka mpira, unakaza mpaka ishike, kisha unarudisha robo ya mzunguko ili ipate kupumua. Kaza, kisha rudisha robo. Aliyasema hayo kwa kila mteja kwa miaka thelathini. Na kila mteja, bila kukosa, alikitikisa kioo akakunja uso: "Fundi, mbona inacheza?"

"Mama, hata wewe ukibanwa sana utapasuka," Robo alijibu, na wote wakacheka, na kazi ikaisha.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuwa na hamu ya kumchekesha mtu. Bega la kulia lilikuwa limekwisha. Zege halina huruma. Ukilitoboa nalo linakutoboa, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Jioni mkono uliendelea kutetemeka hata mashine ikiwa imezimwa, na mkewe alijifunza kumjazia kikombe nusu tu, bila kusema kwa nini. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi hadi ndani ya masikio, anakaa kwenye kiti karibu na mlango, na kuvua kiatu kimoja. Cha pili kilisubiri.

Na nyumba yake je? Mganga hajigangi. Alijijengea mwenyewe, chini na juu, zege tupu lisilopigwa lipu. Ukipanda ngazi unafika kwenye ukumbi mdogo wa juu, na upande mmoja wa ukumbi huo uko wazi, unatazama sebule chini. Pana nguzo nne za zege, na kati ya nguzo na nguzo pana nafasi, nafasi tatu. Kilichopita hapo ni bomba la chuma tu, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Chini ya bomba, hewa. "Nitaweka vizuri," alisema mwaka wa kwanza. Miaka ishirini na mbili ikapita, na bomba likaendelea kuwa peke yake.

Kazi moja tu ndiyo ilikuwa imekamilika ndani ya nyumba ile. Sebuleni, kwenye ukuta mrefu, palikuwa na kioo cha plastiki kipana, kinene cha kupita kiasi, kimeshikwa kwa bolti nane. Nyuma yake palikuwa na picha ya mkaa. Aliichora kijana wao alipokuwa na miaka kumi na miwili, siku moja ya mvua, akapigwa kidogo kwa kuchafua ukuta, halafu picha ikaachwa. Ilikuwa nyumba yao jinsi itakavyokuwa ikimalizika: madirisha yana mapazia, mlango una maua. Baba yuko chini na mashine yake, kichwa kikubwa kuliko mlango. Mama ana ufagio. Dada mtu amesimama juu, nyuma ya kizuizi kizuri chenye mistari mingi. Na mchoraji mwenyewe kakaa juu ya paa, miguu inaning'inia, maana alisema paa ni lake.

Kijana yule aliugua akiwa na miaka kumi na tisa. Siku tatu tu. Siku ya nne nyumba ilijaa watu, na watu wakikosa viti huegemea ukuta, na Robo akaona bega la mtu likiondoka na nusu ya ua la mlangoni. Wiki hiyohiyo alifunga kile kioo. Tangu hapo, miaka kumi na moja, mkewe hukipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, kamwe si spiriti, kwa sababu spiriti huitia plastiki nyufa ndogondogo. Hayo alifundishwa na mumewe. Robo naye hadi leo humwita mama watoto. Watoto, wakati amebaki mmoja. Hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Huyo mmoja ni binti, muuguzi, mwenye mtoto wa kike wa miaka mitatu ambaye Robo alimbandika jina la Sisimizi, kwa kuwa hakai. Miezi minane iliyopita walikuja kutembea. Watu wakazama kwenye mazungumzo, na binti alipoinua macho akamwona Sisimizi juu, chini ya lile bomba, kichwa nje, bega nje, anawachungulia na kucheka. Mama yake alipanda ngazi zile kwa namna ambayo hakuna aliyeiona, walimwona tu amefika. Hakula chakula siku ile. Aliondoka na mtoto wake, na tangu hapo hakumleta tena.

Kisha, Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, nimepata ile nafasi ya masomo. Miaka miwili, mbali. Mtoto siwezi kwenda naye. Yeye anawataka nyinyi. Kila siku ni bibi na babu, bibi na babu. Jumapili saa kumi nitakuja. Nikikuta juu pamezibwa, namwacha kwenu. Nikikuta pako wazi, gari hilohilo litatupeleka kwa mama mkwe. Sikutishi, baba."

"Najua hunitishi."

"Umewazibia watu mji mzima, baba."

Kweli ni kweli hata ikisemwa na mtoto uliyemzaa.

Wiki nzima alikuwa kwenye nyumba za watu, na siku hazikumpa nafasi. Bahati ikaja Jumamosi jioni: mwenye duka moja la dawa alikuwa ameondoa vioo vya kaunta alivyofungiwa na Robo zamani, akamwambia, "Mzee, vichukue, vinanijazia stoo." Vilikuwa vitatu. Robo akapima mara mbili kwa sababu hakuamini. Nafasi tatu, vioo vitatu, na kila kimoja kinatosha kwa kupunguzwa kidogo. Cha akiba hakikuwepo, lakini nani analalamikia cha bure? Alivibeba nyumbani kwenye mkokoteni, akavua kiatu kimoja, akalala kwenye kiti.

Jumapili aliamka bega likiwa limekakamaa kama mlango wa stoo. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto, wakaanza. Walikuwa wamewahi kufanya kazi pamoja zamani, watoto wakiwa wadogo, na mikono ilikumbuka. Mke alibandika bahasha ya karatasi chini ya kila alama ili ikamate vumbi. Mume alitoboa, pole, bila kusukuma, akiacha mashine ifanye kazi yake. Mke akapuliza kwa pampu. Mume akaingiza bolti, mpira, washa. Akakaza, akarudisha robo. Kioo cha kwanza kilikaa. Cha pili kikakaa. Kati ya tundu na tundu ilimbidi aketi chini na kuubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Tupumzike," mkewe alisema.

"Nikipumzika siinuki."

Kioo cha tatu kilikuwa cha mwisho, kile kilicho chini ya tundu la mwanga la paa. Kabla hajakigusa, Robo alikitikisa kile cha pili kujaribu. Kikajibu, tik, tik, kidogo tu, kama inavyotakiwa. Lakini safari hii sauti ile ilimchoma. Alimwona binti yake amesimama palepale, ameshika, anatikisa. Baba, hii inacheza. Angemwambia nini? Ule mzaha wa kupasuka? Wateja wanacheka kwa sababu watoto wao hawakuwahi kutoa kichwa nje ya nafasi ile.

Basi kioo cha tatu alikikaza. Akakaza tena. Mkono, kwa mazoea yake, ulitaka kurudi robo, akaukataza.

"Umesahau kurudisha," mkewe alisema.

"Sijasahau. Hiki ni cha kwetu. Hakitacheza."

Mkewe alimtazama, akazoa bahasha za vumbi, akashuka. Alijua mtu aliyechoka habishaniwi. Robo naye alipanga kwamba akishakula arudi kwenye vile viwili vya kwanza avikaze vivyo hivyo. Alikula nusu ya sahani. Kijiko kikiwa bado mkononi, usingizi ukambeba.

Saa saba jua liliingia kwenye tundu la paa na kukaa juu ya kioo cha tatu. Nyumba ikawa kimya. Kisha, ta! Kama kijiti kikavu.

Robo aliamka amesimama. Alipanda ngazi akijua. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye bolti ya juu, ukapita katikati yote, ukafika bolti ya chini upande wa pili. Aliugusa kwa kidole, na kipande kizima cha pembeni kikalegea, kikadondoka sebuleni.

"Mpumbavu!" alijiambia. "Mpumbavu wee! Miaka thelathini unaimbia watu wimbo mmoja, ukifika kwako unausahau!"

Aliketi kwenye ngazi akalia. Tusimfiche, alilia, babu mzima, kwa kipande cha plastiki cha bure. Alilia kwa bega pia, na kwa zile Jumapili zote alizokuwa akizibia watu wengine.

Baadaye akatafuta njia, maana kulia hakuzibi kitu. Maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa. Stoo yake ilikuwa na vipande tu, hakuna kinachozidi sinia. Mbao za nyuma ya nyumba mchwa walishazimaliza, ziliposhikwa zilibaki unga. Kuweka kabati? Sisimizi angelipanda kabla hujageuka. Saa saba na nusu. Robo akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Aende kwa mama mkwe. Kule kuna usalama."

Mkewe alikuwa chini, amesimama mbele ya ule ukuta mrefu, kitambaa mkononi ingawa asubuhi alishapangusa.

"Kishushe hiki," alisema.

"Kipi?"

"Mzee, usinifanye niseme mara mbili. Nikisema mara ya pili sitaweza."

Robo alishuka ngazi moja moja. "Mama watoto, hapana. Ule mkaa ukiguswa unatoka. Mtoto wa miaka mitatu, ukuta huu hautamaliza wiki."

"Unaniambia mimi? Mimi ninayeupangusa? Najua kila mstari. Najua mahali alipokosea dirisha akafuta kwa mate."

"Nitampigia simu nimwombe siku moja zaidi."

"Umeomba miaka ishirini na mbili." Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo, pale juu kwenye paa lililochorwa. "Huyu hawezi kuanguka tena. Yule anaweza. Kishushe, mume wangu."

Robo alichukua spana. Alitarajia bolti zitamsumbua baada ya miaka kumi na moja, lakini zililegea mara moja, zote nane. Kila moja ilikuwa imerudishwa robo. Wiki ile ya msiba, na macho yale yaliyojaa machozi, na bado alirudisha robo. Kioo hakikuwa na ufa hata mmoja. Walikishusha wawili, wakakilaza sakafuni juu ya blanketi, na hakuna aliyegeuka kuutazama ukuta.

Kukata kulichukua muda, maana kilikuwa kinene, na msumeno ukienda mbio unayeyusha badala ya kukata. Alikata pande zenye matundu ya zamani. Bega lilipokataa, mkewe alishika msumeno upande wa pili, wakavuta kwa zamu. Saa tisa na nusu kilikuwa juu, kwenye nafasi ya tatu, mpira, washa, bolti. Robo alikaza. Akangoja kidogo. Akarudisha robo.

Saa kumi gari lilisimama nje. Binti aliingia amembeba mtoto kiunoni, akawaamkia wazazi wake, na kabla ya kuketi akamkabidhi Sisimizi kwa bibi yake, akapanda juu. Dereva aliachwa amewasha gari. Robo alimfuata nyuma, mkono wa kulia ameuficha mfukoni usionekane unavyotetemeka.

Binti alitikisa cha kwanza. Akapiga magoti, akakisukuma kwa mikono miwili, akasukuma kwa bega. Akaenda cha pili. Akaenda cha tatu, akatikisa. Tik, tik.

"Baba, hiki kinacheza."

Robo alifungua mdomo, mzaha haukuja. "Kinapumua," alisema.

Binti alimtazama. Alikuwa amekua na neno lile, alilisikia mezani, alilisikia akiwa anafanya hesabu za shule. "Umerudisha robo?"

"Nimerudisha."

Alicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake, na akabaki amepiga magoti, uso karibu na kioo. Hapo ndipo alipoona sebule kupitia kile kioo, na ukuta mrefu, na picha ikiwa wazi. Alikishika kioo alichokuwa akikitikisa, akauona unene wake.

"Baba. Hiki si kile cha..."

"Ni mama yako aliyesema."

Chini, Sisimizi alishachoka kubebwa. Alikuwa mbele ya ukuta, na kiganja chake kizima kilikuwa juu ya babu mwenye mashine. Alikizungusha taratibu, kama anayefuta ubao. Binti alipiga kelele, "Mtoto! Usiguse!" akakimbilia ngazi, lakini bibi aliinua mkono wake kumzuia.

"Mwache," alisema.

Walishuka wote. Mtu mwenye mashine hakuwa na kichwa tena, palibaki ukungu wa kijivu juu ya mabega yake.

"Kafuta kichwa changu," Robo alisema.

"Afadhali," mkewe alimjibu. "Kilikuwa kikubwa mno."

Akacheka peke yake, na kicheko kikamgeukia kilio njiani, akaziba mdomo kwa kitambaa. Binti alimkumbatia mama yake, wakasimama hivyo muda mrefu. Kisha binti alitoka nje kwa dereva, na waliokuwa ndani wakasikia gari likizimwa. Alirudi na begi dogo la nguo, jozi mbili za viatu na mto wa mtoto.

Sisimizi kwa wakati huo alikuwa juu tayari, nani alimwona akipanda? Alisimama nyuma ya kioo cha tatu, akabandika viganja vyake vyeusi, akabandika na paji la uso, akawachungulia na kucheka. Alijisukuma kwa nguvu zake zote. Tik, tik. Kioo kikamrudisha.

Bibi alipanda na kitambaa chake, kwa mazoea, kwenda kupangusa alama zile. Alifika, akainua mkono, mkono ukabaki hewani. Kisha akakitupia kitambaa begani na kuketi sakafuni karibu na mtoto. Robo alikuja akaketi upande wa pili, akavua kiatu kimoja, halafu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na cha pili.

Kutoka pale waliuona ukuta wote.

"Yule wa paani mtoto hakumfikia," mkewe alisema polepole.

Robo alipima kwa macho, kama alivyopima kila kitu maisha yake yote, kutoka sakafuni hadi ile miguu inayoning'inia.

"Bado miaka miwili," alisema. "Akikua hivihivi, atamfikia."